Video ya Wimbo na Jalada Lake: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Nairobi

Kila muhula maswali ni yale yale. Nitumie kamera gani? Nikipiga picha mjini nitashikwa? Mbona midomo ya msanii haifuati wimbo? Jalada linafaa kuwa la ukubwa gani? Halafu kuna swali linalokuja wiki ya mwisho, likiulizwa kwa hofu: nitatoa wapi picha ya jalada na msanii ameshasafiri kwao?

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Wanafunzi hupewa kazi hizi kwa pamoja, video ya wimbo, jalada la albamu na bango la kuitangaza, kisha wakazifanya kana kwamba hazijuani. Video hula muda wote. Jalada huachiwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, likatengenezwa kwa fremu iliyokatwa kwenye video na kuvutwa hadi ikapasuka. Nashikilia kwamba hii ni kazi moja: rangi zile zile, vazi lile lile, uso ule ule, na siku moja ya kupiga picha. Panga jalada siku unayoanza kupanga video, na shida nyingi zilizo hapa chini hutazikuta.

Nimeandika nikimfikiria mwanafunzi mwenye simu ya kawaida, marafiki watatu au wanne, na nauli ya matatu. Ukiwa na kamera ya chuo, hatua hazibadiliki.

Kusanya hivi kwanza

- Wimbo uliokamilika, faili ya WAV (sauti isiyobanwa) kutoka studio. Usianze na toleo la majaribio. Prodyusa akibadilisha kasi ya wimbo baada ya kupiga picha, video yote imeharibika.
- Simu mbili. Moja ya kupiga picha, nyingine ya kucheza wimbo.
- Spika inayosikika barabarani.
- Tripodi. Hata ile ndogo inayouzwa Luthuli Avenue inatosha ukiifunga vizuri kwenye meza au reli.
- Kadibodi kubwa nyeupe ya kurudisha mwanga usoni. Shuka jeupe lililotandazwa kwenye fremu ya mbao pia linafaa.
- Pawa benki mbili, na nafasi ya kutosha kwenye simu. Video ya 1080p hula kati ya MB 60 na 130 kwa dakika, kutegemea simu. Saa moja ya kurekodi inaweza kufika GB 8.
- Programu ya kamera inayokuruhusu kufunga mipangilio. Open Camera ni ya bure kwa Android. Blackmagic Camera ni ya bure pia.
- Programu ya kuhariri. DaVinci Resolve ina toleo la bure kwa laptopu yenye nguvu. Kwenye simu, CapCut au KineMaster. Kwa jalada, GIMP, Inkscape au Canva.
- Karatasi za ruhusa, daftari na kalamu.

Hatua ya 1: Pata ruhusa ya wimbo kwa maandishi

Wimbo ukiwa wa mwanafunzi mwenzako, andikeni karatasi moja: jina la wimbo, nani aliyetunga, nani aliyetengeneza mdundo, na kwamba wamekubali utengeneze video na kuionyesha. Wote watie sahihi. Mtu wa mdundo husahaulika sana, na ndiye anayekuja kudai baadaye. Kama mdundo ulitolewa kwenye mtandao, soma masharti yake. Mingi iliyoandikwa "bure" ni bure kwa mazoezi tu.

Ukichagua wimbo wa msanii anayejulikana kwa kazi ya darasani, muulize mhadhiri kama inakubalika, na ujue kwamba pengine haitatoka nje ya darasa. Content ID, mfumo wa YouTube wa kulinda hakimiliki, huutambua wimbo uliosajiliwa mara tu faili inapopakiwa. Ushauri wangu ni uchukue wimbo wa mwenzako. Nairobi haikosi mwanafunzi mwenye wimbo mzuri ambao haujapata video.

Hatua ya 2: Sikiliza huku ukiandika

Kaa na wimbo na daftari. Gawa ukurasa katika safu tatu: dakika na sekunde, kinachosikika, kinachoonekana. Andika ubeti unaanzia wapi, kiitikio kinaingia wapi, ngoma zinanyamaza wapi. Wimbo wa dakika tatu na nusu utakupa mistari ishirini hivi. Ukurasa huo ndio ramani yako siku ya kupiga picha. Usiende uwanjani bila huo.

Hatua ya 3: Chagua picha moja inayobeba wimbo

Hapa usiharakishe. Wanaoanza huja na orodha ya mambo kumi: magari, klabu, msichana anayetembea, moshi, paa la ghorofa. Video ikiwa na kila kitu, mtazamaji hakumbuki chochote. Jiulize: wimbo huu ukipewa picha moja tu, iwe ipi?

Tuseme wimbo unahusu mtu anayerudi nyumbani kwa matatu ya mwisho. Picha inaweza kuwa uso kwenye dirisha, taa za mji zikipita juu ya kioo. Kutoka hapo rangi zinajitokeza zenyewe: weusi wa usiku, na ule mstari wa njano ambao kanuni za waziri Michuki za 2004 ziliuweka kwenye matatu. Njano hiyo sasa inaingia kila mahali. Leso ya msanii ni ya njano. Herufi za jalada ni za njano. Bango lina mstari mmoja wa njano uliokatiza chini. Hutahitaji kumweleza mtu kwamba video na jalada ni vya wimbo mmoja. Ataona.

Chora miraba miwili kwenye daftari: mmoja wa picha ya video, mwingine wa jalada. Michoro ya vijiti inatosha. Kama hujui cha kuchora kwenye mraba wa jalada, wazo lako halijaiva. Rudi kwenye wimbo.

Hatua ya 4: Maeneo na vibali

Kila mwanafunzi hukimbilia KICC na barabara ya juu kwa juu ya Expressway. Ni pazuri, lakini pameshapigwa picha mno, na walinzi wapo. Tafuta mahali ambapo wimbo unaishi kweli. Paa la ploti Umoja lenye kamba za nguo. Kamukunji, mafundi wakigonga mabati. Kichochoro cha River Road, ambako miaka ya 1970 na 1980 studio na maduka ya santuri yalijaa. Chumba chako mwenyewe hosteli.

Kuhusu sheria, elewa hivi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kwa filamu inayotengenezwa Kenya ili ionyeshwe kwa umma au iuzwe. Kwa hiyo chukua barua ya chuo inayosema hii ni kazi ya masomo, na kama mnakusudia kuitoa hadharani, ulizeni Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB) mapema jinsi kazi ya mwanafunzi inavyoshughulikiwa. Msingoje siku ya kupiga picha.

Barua hiyo ndiyo utakayomwonyesha askari wa kaunti. Kanjo akiona tripodi barabarani, kwake ni biashara. Mjibu kwa adabu, toa barua, na kama amekataa, ondokeni. Ndiyo maana uandike mapema mahali pa pili kwenye daftari.

Mtaani, kamwone mzee wa mtaa au msimamizi wa ploti siku moja kabla. Muamkie, mweleze, mpe saa mtakayofika na saa mtakayoondoka. Nimeona kazi zikienda salama mahali watu wanapaogopa, kwa sababu tu mtu mzima wa pale alijulishwa. Karura na Arboretum zina wasimamizi wake. Waulize kabla ya kufika na vifaa.

Matatu ni mapatano kati yako na dereva, makanga na mwenye gari. Pateni gari lililoegeshwa wakati hakuna abiria wengi, mkubaliane muda na malipo kabla ya kupanda.

Tahadhari:
- Usipige picha kambi za jeshi, vituo vya polisi, Ikulu au viwanja vya ndege, hata kwa mbali.
- Droni si kitu cha kurusha kwa kukisia. Zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA), na anga ya Nairobi ina JKIA, Wilson na kambi ya Eastleigh. Iache.
- Watoto wa mtaa watakuja kutazama. Wafurahishe kwa wimbo, lakini sura ya mtoto isionekane kwenye video bila mzazi kutia sahihi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini hiyo, na hata isingetaka, ni heshima.
- Mjini, mwenzenu mmoja asifanye kazi nyingine ila kuchunga vifaa na mgongo wa mpigapicha. Anayetazama skrini haoni anayekuja.

Hatua ya 5: Mavazi

Nendeni soko la mitumba la Gikomba au Toi asubuhi, mkiwa na rangi zenu tayari. Epukeni mistari myembamba iliyobanana, kwani hucheza kwenye kamera. Epukeni pia nembo kubwa za kampuni. Kwenye video zinavuruga macho, na kwenye jalada zinaweza kufanya wasambazaji wa muziki, wale wanaoupeleka Spotify na kwingine mtandaoni, walikatae. Jezi ya mitumba ina nembo tatu au nne. Igeuze ndani nje au uiache nyumbani.

Hatua ya 6: Funga mipangilio ya simu

Simu ikiachwa ijiamulie, itabadilisha mwangaza na rangi katikati ya shoti. Fanya hivi:

1. Weka 1080p, fremu 25 kwa sekunde. Kama simu inatoa 30 pekee, tumia 30 na ubaki nayo mwanzo hadi mwisho.
2. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, yaani mipigo 50 kwa sekunde, na taa nyingi huwaka na kufifia mara mbili kwa kila mpigo. Ukiweka 1/60, utapata mistari myeusi inayopanda na kushuka. Hata ukitumia fremu 30, shata ibaki 1/50 au 1/100.
3. Funga mizani ya rangi nyeupe, ile yenye alama WB.
4. Pima mwangaza kwenye uso wa msanii, wala si kwenye anga, kisha ufunge.
5. Washa hali ya ndegeni. Simu ikiita katikati ya kiitikio bora, huo mzunguko, yaani wimbo wote mliokuwa mkiurekodi, umekwenda.

Namba 4 ina uzito wake. Kamera za simu zikiona anga jeupe au ukuta mweupe nyuma ya mtu mweusi, hupunguza mwangaza na uso ukazama gizani. Mwondoe mbele ya anga. Msimamishe mbele ya kitu cha rangi nzito: ukuta wa matofali, bati lenye kutu, majani. Kisha weka kadibodi nyeupe chini ya kifua chake, nje ya fremu, uone macho yakifunguka. Msijaribu kumfanya awe mweupe kuliko alivyo. Lengo ni kuona ngozi yake ilivyo kweli, na mng'ao wake.

Hatua ya 7: Chagua saa

Nairobi iko digrii moja na ushei tu kusini mwa ikweta. Mchana jua liko karibu utosini, na linachimba vivuli chini ya nyusi hadi macho yanapotea. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, pigeni ndani, chini ya veranda, au kwenye kivuli cha jengo.

Saa nzuri huja mara mbili kwa siku. Ya kwanza ni tangu jua linapochomoza, kwenye saa kumi na mbili unusu, hadi saa mbili unusu asubuhi. Jumapili saa hiyo katikati ya mji ni patupu, na unaweza kupata barabara ambayo siku nyingine haionekani lami. Ya pili ni saa kumi na moja unusu jioni hadi jua kuzama. Hiyo ni fupi. Hapa kwetu jua halikawii kuzama; ukichelewa nusu saa kwenye foleni ya magari, umelikosa. Muwe mmeshafika saa kumi.

Julai na Agosti watu hulalamikia mawingu na baridi. Kwa kupiga sura za watu, ndiyo miezi ninayoipenda. Mwanga ni laini kutwa nzima na hakuna kivuli kikali. Ila anga lina rangi ya maziwa, basi liwe kidogo kwenye fremu. Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, panga siku ya akiba kwa ajili ya mvua.

Hatua ya 8: Pigeni, wimbo mzima kila mara

Hapa ndipo midomo inapopatana na wimbo au inapoachana nao.

1. Nyumbani, tengeneza nakala ya wimbo yenye milio mitatu mwanzoni, pi, pi, pi, kabla ya sauti ya kwanza. Iweke kwenye simu ya pili. Usicheze moja kwa moja kutoka mtandaoni. Bando likikatika na wimbo unakatika.
2. Weka spika karibu na msanii, nje ya fremu.
3. Anza kurekodi kwanza, halafu ndipo ucheze wimbo. Simu inayorekodi isizimwe sauti. Sauti hiyo mbovu ndiyo itakayokusaidia kupanga kila kitu wakati wa kuhariri.
4. Msanii aimbe kwa sauti, asitikise midomo tu. Shingo, pumzi na taya vinaonekana, na mtazamaji anajua mtu anayeigiza.
5. Imbeni wimbo wote bila kusimama. Rudieni: mara moja kamera ikiwa mbali, mara moja kifuani, mara moja usoni, mara moja kwa ubavuni.
6. Baada ya hapo ndipo mpige shoti ndogo: mikono, viatu, dirisha, mtaa, mama mboga aliyekubali. Kila moja iendelee angalau sekunde kumi. Mwanafunzi huzima kamera mapema mno.

Ukitaka mwendo wa polepole huku midomo ikifuata wimbo, cheza wimbo kwa kasi mara mbili, rekodi kwa fremu 50, kisha punguza klipu iwe 25. Msanii afanye mazoezi kwanza, maana kuimba kwa kasi hiyo si rahisi.

Tahadhari: msitembee na simu mkononi katika kila shoti. Kamera iliyotulia inamruhusu msanii kuonekana. Tembeeni pale wimbo unapoomba.

Hatua ya 9: Picha ya jalada, siku hiyo hiyo, mwanga ukiwa bora

Usiiweke mwisho wakati msanii amechoka na jasho limekauka. Itengee nusu saa ya ule mwanga mzuri, video isimame kabisa.

Sababu ni hesabu. Wasambazaji wengi wa muziki mtandaoni wanataka jalada la mraba la pikseli 3000 kwa 3000. Fremu ya video ya 1080p ina kimo cha pikseli 1080 tu, kwa hiyo ingebidi uivute karibu mara tatu. Hata video ya 4K ina kimo cha 2160. Lakini picha ya kawaida ya simu yenye megapikseli 12 ni takriban 4032 kwa 3024, na ukiikata mraba unabaki na zaidi ya 3000. Simu yako inatosha, mradi upige picha, si video, na usivute kwa zumu ya kidijitali. Sogea kwa miguu.

Acha nafasi tupu kuzunguka mwili, upande ambao herufi zitakaa. Piga zaidi ya unavyodhani unahitaji: akitazama kamera, akitazama pembeni, mgongo, mikono peke yake, na mahali pakiwa patupu bila mtu. Hiyo tupu itakuwa upande wa nyuma wa jalada, na ndiyo ambayo hakuna anayekumbuka kuipiga.

Angalia nyuma ya msanii. Michoro ya nganya (matatu zilizopambwa) na ya kuta ni kazi za wasanii wengine. Kupita kwenye video kwa sekunde mbili ni jambo moja. Kuiweka kwenye jalada ni lingine, na mchoraji anafaa aombwe na atajwe.

Hatua ya 10: Hifadhi usiku huo

Nakili kila kitu kwenye laptopu na mahali pa pili kabla ya kulala. Usifute kwenye simu mpaka nakala zote mbili zifunguke. Mkitumiana picha kwa WhatsApp, zitumeni kama faili ya hati, kwani zikitumwa kama picha zinabanwa na ule ukubwa mlioutafuta unapotea.

Hatua ya 11: Hariri

Weka wimbo wa WAV kwenye safu yake na uufunge. Weka mizunguko yote ya msanii juu yake, mmoja juu ya mwingine, na uipange kwa kulinganisha mawimbi ya sauti. Ile milio mitatu itaonekana wazi. Kisha zima sauti za klipu. Shoti iliyopigwa mbali ina jambo lake: sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kamera iliyo mita 34 kutoka kwenye spika inasikia wimbo ukiwa umechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukishalinganisha mawimbi, isogeze klipu hiyo kulia kwa fremu mbili au tatu.

Tengeneza kwanza video nzima ya msanii akiimba tu, mwanzo hadi mwisho. Ikiweza kusimama yenyewe, ongeza shoti za hadithi. Ukianza na hadithi utakwama ubeti wa pili.

Kuhusu kukata kwa mdundo: wimbo wa mapigo 100 kwa dakika una pigo moja kila sekunde 0.6, yaani fremu 15 kati ya 25. Ni vizuri kuijua namba hiyo. Ila usikate kila pigo, inachosha. Shikilia uso kwa mstari mzima wa shairi pale maneno yanapouma, halafu kata haraka kiitikio kinapoingia.

Rangi zifanye mwisho. Sawazisha klipu zifanane kwanza, ndipo utie ladha. Toa faili ya MP4, H.264, 1080p, kwa megabiti 8 kwa sekunde au zaidi. Video ya dakika nne itakuwa kama MB 240.

Hatua ya 12: Jenga jalada na bango

Fungua mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, rangi za RGB, zile za skrini. Weka picha, kisha vitu viwili tu: jina la msanii na jina la albamu. Yaandikwe herufi kwa herufi kama yatakavyosajiliwa kwa msambazaji. Usiweke namba ya simu, bei, anwani za mitandao, msimbo wa QR wala nembo za YouTube au Spotify. Jalada lenye hivyo hurudishwa.

Tumia aina moja ya herufi, mbili zikizidi. Google Fonts ina nyingi za bure zenye leseni wazi. Kisha lifinye jalada liwe dogo kama ukucha wa kidole gumba na ulitazame kwa urefu wa mkono. Jina lisiposomeka, ongeza ukubwa au uondoe kitu. Wasikilizaji wengi wataliona hivyo tu, kwenye simu, ndani ya matatu.

Kama kazi yako inataka kasha la CD, omba kiolezo kutoka kwa mchapishaji kabla ya kubuni. Santuri yenyewe ina kipenyo cha milimita 120. Nyuma panakaa orodha ya nyimbo kwa mpangilio, muda wa kila moja, na alama mbili: © ya mchoro na maandishi, na ℗ ya sauti iliyorekodiwa, kila moja na mwaka na jina la mwenye haki.

Bango la A3 ni milimita 297 kwa 420. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, tumia rangi za CMYK, zile za wino wa kuchapa, nukta 300 kwa inchi. Usilivute jalada lijaze A3. Pikseli 3000 kwa nukta 300 zinatosha sentimita 25 hivi. Liweke kama mraba juu, na chini uandike wimbo unatoka lini na unapatikana wapi. Wapelekee wachapishaji PDF. Omba nakala moja uione kabla hawajachapa zote. Beba flashi yenye nakala tu, kwani kompyuta za saiba zina virusi. Libandike kwenye mbao za matangazo za chuo kwa ruhusa. Nguzo na kuta za mji zinahitaji kibali cha kaunti.

Mambo yakienda mrama

*Midomo inaanza sawa, kisha inachelewa polepole.* Simu imerekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika. Pitisha klipu kwenye programu ya HandBrake, chagua kasi isiyobadilika ya 25 au 30 kama ulivyorekodi, kisha uzirudishe.

*Midomo iko nje tangu mwanzo.* Mawimbi hayajalinganishwa vizuri. Tafuta ile milio mitatu.

*Mistari myeusi inatembea.* Rudi kwenye shata 1/50 au 1/100. Ikibaki, ni taa za LED za bei ya chini. Zima hizo, tumia dirisha.

*Simu imepata joto na kujizima.* Toa kava, ipumzishe kivulini, usiichaji huku ikirekodi.

*Laptopu inakwama.* Tengeneza nakala nyepesi za klipu ndani ya programu, hariri kwa hizo, na utoe faili ya mwisho kwa zile za asili.

*Bango limetoka limefifia.* Bluu na kijani kali za skrini haziwezi kuchapwa. Zipunguze ukiwa tayari ndani ya CMYK, chapa nakala moja tena.

*Msanii amebadilisha nywele na shoti bado hazijaisha.* Piga mikono, mgongo, kivuli, kofia. Uso tumia ulio nao.

*YouTube imeweka dai kwenye video.* Mara nyingi ni mdundo. Toa ile karatasi ya hatua ya 1. Kama mtu wa mdundo alikubali, yeye ndiye wa kuondoa dai.

*Faili haifunguki darasani.* Ijaribu kwenye kompyuta ya darasa hilo siku moja kabla, ikiwa kwenye flashi, na uwe na nakala ya pili kwenye simu pamoja na waya wake.